Nimekataa Kazi, Wakala Ananitishia: Je, Nina Dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni binti wa Nkuhungu, Dodoma. Wakala wa ajira alinitafutia kazi ya uhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilifanya usaili, nikapewa barua, nikaomba muda wa kufikiri, kisha nikamjibu kwa adabu kuwa sitaichukua. Sasa kila usiku ananitumia ujumbe: nimlipe laki tatu za usumbufu, la sivyo atasambaza vyeti vyangu na namba ya NIDA, na "Dodoma hii hupati kazi tena". Ananiita mnafiki niliyevunja ahadi. Je, nina dhambi? Nilipe?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Binti yangu, huna dhambi, wala usilipe.

Mkataba husimama kwa pande mbili kuridhiana: mmoja atoe, mwingine akubali. Wao walitoa, wewe hukukubali. Uliahidi kuwapa jibu na jibu umelipeleka, sasa unafiki uko wapi? Ungekuwa umesaini, au umetamka kuwa unaanza kazi Jumatatu, ningekuambia jambo jingine, kwa sababu hapo neno lako lingekubana. Na laki tatu ambazo hamkuwahi kuafikiana, zikidaiwa kwa vitisho, ni kula mali ya mtu kwa batili, jambo lililokatazwa katika Suratun Nisaa, aya ya 29. Tena ukilipa leo, kesho atakumbuka usumbufu mwingine.

Amepokea Abu Daud, mmoja wa wakusanyaji wa hadithi, kwamba Masahaba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), mmoja wao akalala. Mwenzake akaiendea kamba aliyokuwa nayo huyo aliyelala, akaichukua, yule akashtuka kwa hofu. Mtume akasema si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Ile ilikuwa kamba tu! Sembuse mtu anayemkosesha usingizi binti wa watu kwa vyeti alivyokabidhiwa kama amana?

Jumbe hizo usizifute, wala usijibizane naye usiku. Mwonyeshe baba au kaka yako, muende pamoja polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa mambo ya namna hii. Usihofu kuwa ni kusengenya, kwani aya ya 148 ya Suratun Nisaa hiyo hiyo inamruhusu aliyedhulumiwa kuutaja uovu aliotendewa. Ila mshtaki panapostahili, usimwanike kwenye magrupu ya WhatsApp. Mpigieni simu na mwenye duka. Naona yawezekana kabisa hajui wakala anafanya nini kwa mgongo wake.

Kuhusu kukosa kazi Dodoma, huyo hana funguo za riziki yako. Waumini walipoambiwa kuwa watu wamewakusanyikia, wawaogope, imani yao ilizidi, wakasema: Hasbunallahu wa ni'mal wakiil, yaani Mwenyezi Mungu anatutosha, naye ni mbora wa kutegemewa (Aal Imran, 173). Isome dua hiyo kabla ya kulala, uzime simu, na asubuhi endelea kupeleka maombi yako ya kazi.

Wallahu a'lam.