Saa Nane Ipi?

Wiki iliyopita msomaji mmoja, kijana aliyeanza kazi katika duka la dawa, aliniuliza afanye nini ili wateja wafuate maelekezo anayowaandikia. Namjibu kwa kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha.

Katika mwaka wangu wa kwanza kwenye dirisha la dawa, saa 4 asubuhi, nilimhudumia mama aliyembeba mtoto mwenye malaria. Mtoto alimeza kidonge cha kwanza cha dawa ya mseto mbele yangu. Dozi ya pili ya dawa hiyo hutolewa zikipita saa nane tangu ile ya kwanza, ya tatu siku inayofuata wakati uleule wa ya kwanza, na zilizobaki hufuata asubuhi na usiku mpaka dozi 6 zitimie katika siku 3. Mimi niliandika kwenye bahasha, kwa haraka: “Dozi ya pili: saa 8.” Foleni ilikuwa ndefu, nikamwita anayefuata.

Kesho yake alirudi, mtoto bado ana homa. Nilipomuuliza, akasema kidonge cha pili alikitoa saa nane mchana, yaani saa nne tu baada ya kile cha kwanza. Nikamfokea mbele ya watu kwamba hasikilizi anayoambiwa. Hakunijibu kwa hasira. Alifungua pindo la kanga, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne, akainyoosha dirishani na kuweka kidole juu ya mwandiko wangu.

“Dada, hapa si umeandika saa nane?”

Alikuwa ameisoma sawasawa. Katika Kiswahili sanifu neno saa halibadiliki katika wingi, kwa hiyo “saa 8” yaweza kuwa muda wa kusubiri na yaweza kuwa wakati wa chakula cha mchana, nami nilimwachia mama yule abahatishe. Nilimwomba radhi, lakini wengi walionisikia nikimfokea walikuwa wamekwisha kuondoka.

Tangu siku hiyo nikawa naandika hivi: “Kidonge cha kwanza amekunywa leo saa 4 asubuhi. Cha pili mpe leo saa 12 jioni, akishakula au kunywa maziwa. Cha tatu mpe kesho saa 4 asubuhi.” Mkubwa wangu wa kazi alipoyaona, alisema mbele ya wenzangu kwamba hayo ni maandishi ya mtoto wa darasa la pili. Neno lile linaniuma hadi leo. Hata hivyo sikuacha, na nilipohama kituo kile wenzangu wote wa dirishani walikuwa wakiandika hivyo. Hilo najivunia kuliko cheti chochote nilichonacho.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mwandikie mtu atakayeisoma bahasha usiku, peke yake, mtoto akilia. Usimwandikie “1x3”, maana mzee mmoja aliielewa kuwa ni kidonge kimoja kwa siku tatu, na katika alama ile hakuna kinachomkatalia. Andika asubuhi kimoja, mchana kimoja, usiku kimoja. Tunayakwepa maneno mepesi kwa kuhofia kwamba yatatuvua usomi wetu, ilhali anayelipa gharama ya usomi huo ni mgonjwa. Wala usimuulize kama ameelewa, kwani atakujibu ndiyo ili asionekane mjinga. Mwombe akueleze dawa atampa mtoto saa ngapi, na akikosea, chukua bahasha nyingine uandike upya.