Ubaridi chumbani, maji moto bafuni

SWALI: Nina nyumba ya wageni Malindi. Je, mtambo mmoja waweza kupoza vyumba na papo hapo kupasha moto maji ya kuoga? Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi.

JIBU: Waweza, nasi twakuhimiza. Kompresa (pampu ya kukandamiza gesi ya kupozea) ikila kilowati 1 na kuondoa kilowati 3 za joto vyumbani, maji hupata jumla yake, karibu 4: lita 200 hutoka nyuzi 27 hadi 55 kwa saa moja na dakika 40 hivi. Shida huanza tangi likishapata moto wa kutosha. Joto halina pa kwenda, presha hupanda, mtambo hujizima. Kwa hiyo usikubali mtambo usio na kondensa (sehemu ya kumwaga joto) ya nje yenye feni, pamoja na vali ya kugeuza njia ya gesi. Koili ya maji, yaani bomba la kujikunja linaloyapasha moto, iwe ya metali ya titani. Shaba huliwa na chumvi.