Mwimbaji Kapotea, Spika Zinavuma: Maneno Machache Kuhusu Waya za Studio ya Nyumbani

Kijana mmoja wa Wete, Pemba, kaniandikia wiki hii: "Kaka, nimenunua spika za studio, mpya kabisa, lakini mwimbaji hayumo. Fidla naisikia, ngoma zinakuja kwa mbali, bibie anayeimba kayeyuka, umebaki mwangwi wake tu. Nimeuziwa mbovu?"

Nikamuuliza kachomeka wapi. Kwenye tundu la hedifoni, akasema, kwa waya wa stereo wenye kigawanyio, na kila spika ikapata plagi ya stereo, yaani jeki. Basi, spika zake nzima.

Jeki ya stereo ina pete mbili nyeusi, na jeki ya balansi nayo ina pete mbili nyeusi. Kwa macho ni kitu kimoja. Tundu la hedifoni linatoa kushoto kwenye ncha na kulia kwenye sehemu ya kati. Spika ya monita, yaani hii ya studio, haijui habari hiyo. Yenyewe imeundwa kupokea balansi, yaani sauti moja iliyotumwa mara mbili, ya pili ikiwa imepinduliwa, kwa hiyo inachukua ya kwanza na kuondoa ya pili ndani yake. Mwimbaji siku zote tunamweka katikati, maana yake kushoto na kulia yuko sawasawa. Sawa ukitoa sawa unabaki na sifuri. Bibie kaondoshwa kwa hesabu. Vilivyobaki ni vile vilivyotandazwa pembeni, pamoja na mwangwi.

Nikamwambia atazame nyuma ya intafesi, kile kifaa kinachopitisha sauti kuingia na kutoka kwenye kompyuta, kuna matundu mawili ya kutolea sauti, la kushoto na la kulia, kila moja lipate waya wake wa balansi na spika yake. Usiku akanitumia sauti ya bibie, kachangamka kweli kweli. Mimi ndiye nisiyelala vizuri, maana swali lake limenichokonoa pahala.

Chumba changu cha kurekodia kipo Ng'ambo, mjini Unguja. Nilipoanza, nilitumia waya za RCA zilizokuja ndani ya boksi la spika, zile nyekundu na nyeupe. Kikaja kikundi cha kidumbak, ile ngoma yetu iliyo jirani na taarabu, mkubwa wao mzee anayeheshimika, kila mtu anamwita Maalim. Tukarekodi kutwa. Fidla safi, sanduku, ambalo ndilo besi letu, limekaa, mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, unasikika kila pigo. Jioni nikawawekea wasikilize. Kabla wimbo haujaanza, katika ule ukimya wa mwanzo, Maalim akainamisha kichwa: "Mwanangu, huyo nyuki ni wa nani?"

Nikamweleza kwamba mvumo ule upo kwenye spika tu, kwenye wimbo haumo. Nikampa hedifoni asikilize. Akazishika, akazirudisha mezani bila ya kuzivaa. Siku chache baadaye nikasikia wamepanda boti, wamekwenda Dar es Salaam kurekodi upya. Wimbo ule ukipigwa redioni mimi hubadilisha stesheni. Faili langu ninalo mpaka leo, na nyuki hayumo.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaotaka kuwa maprodyuza. Waya wa spika haurekodi kitu, lakini mteja hahukumu faili, anahukumu anachokisikia akiwa amekaa kwenye kiti chako. Na wewe mwenyewe unahukumu kwa spika hizo hizo. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake unakaa kwenye 50 na 100, chini kabisa, huko huko linakoishi sanduku. Utapunguza besi ambayo haikuzidi, kisha wimbo ukipigwa kwenye gari la mtu unasikika mwembamba.

Mvumo wenyewe unatoka wapi? Mara nyingi ni mzunguko wa erthi. Laptopu imechomekwa ukutani kwa chaja yenye erthi, spika zimechomekwa ukuta mwengine nazo zina erthi, halafu waya wa RCA unaziunganisha. Umeme mdogo unapata njia ya kuzunguka, na njia hiyo inapita kwenye waya ule ule unaobeba sauti. Jaribio lake rahisi: chomoa chaja, laptopu itumie betri. Mvumo ukikatika, umempata mwizi.

Dawa ni waya wa balansi. Ndani una nyaya mbili za sauti na ngao ya kuzifunika. Uchafu unaodakwa njiani unazipata zote mbili sawasawa, na spika ikitoa moja kwenye nyengine uchafu unajifuta, sauti inabaki kwa kuwa ya pili ilipinduliwa. Ni hesabu ile ile iliyomfuta bibie wa Wete, ila hapa inafanya kazi yake halali. Uwe na jeki za pete mbili pande zote, au jeki upande mmoja na XLR, tunayoiita kanoni, upande wa pili, kwa mujibu wa matundu ya spika yako. Jeki ya gitaa yenye pete moja itaingia na sauti itatoka, lakini hiyo si balansi, msinibishie. Vifaa vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja.

Kuna watu wanavunja mguu wa erthi kwenye plagi ili mvumo ukatike. Unakatika, ndiyo. Lakini mguu ule ndio unaokukinga siku waya wa moto utakapogusa bodi la chuma, na sisi tuna umeme wa volti 230 na sakafu zenye unyevu. Anayekufundisha hivyo hakupendi.

RCA sizipigi marufuku. Kwa mita moja au mbili, kama mvumo haupo, endelea nazo. Ila jua kwamba kifaa cha nyumbani, chenye matundu ya RCA, kinatoa sauti iliyo chini ya ile ya studio kwa desibeli 12 hivi, kwa hiyo usishangae ukilazimika kuzungusha kitufe mbali. Na zile waya za spika zilizochunwa ncha, nyekundu na nyeusi, ni za kutoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika isiyo na umeme wake. Spika yenye amplifaya ndani haizihitaji, isipokuwa zile seti ambazo moja ndiyo inayoilisha mwenzake.

Fundi mmoja hapa mjini aliwahi kunibishia mbele ya watu kwamba waya wa kushoto na wa kulia lazima zilingane urefu, la sivyo sauti moja itachelewa. Umeme kwenye waya unakimbia kwa kasi iliyo karibu na ya mwanga. Hata ukizidisha mita tano, hakuna sikio la binadamu litakalojua. Wakacheka wao. Leo ananipigia simu kuniuliza intafesi gani anunue.

Dhahabu kwenye plagi haiongezi utamu wa sauti, ila haishiki kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi hilo ni jambo. Kama zako si za dhahabu, zichomoe mara kwa mara, uzifute kwa spiriti, uzirudishe. Sauti inayokwaruza ukigusa waya kawaida ni kutu au risasi ya kuchomea waya iliyoachia kwenye plagi. Jifunze kuchomea mwenyewe, plagi ni bei rahisi kuliko waya mzima.

Kuwasha: intafesi kwanza, spika mwisho. Kuzima: spika kwanza. Na umeme ukikatika, usikimbilie kutafuta taa. Bonyeza swichi za spika papo hapo, kwa sababu umeme ukirudi utarudi na kishindo, na koni, ule utando wa spika unaotikisika, ndiyo itakayokipokea.