Niliwaambia ni uvimbe

Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa tumbo: ngozi iliyolegea ikakatwa, misuli iliyoachana tangu nizae mapacha ikashonwa. Mume wangu ndiye pekee aliyejua. Wengine wote niliwaambia natolewa uvimbe kwenye kizazi. Kama unapanga uongo wa namna hiyo, nisikilize kwanza.

Mapacha wana miaka minne, bado kwenye daladala nilikuwa napishwa siti, "mama kijacho akae." Mwanzoni nilieleza. Baadaye nikawa nakaa tu, nashukuru. Mkanda nilifunga, mama alinikanda kwa maji ya moto, mazoezi nikafanya miezi minane. Yanasaidia kiasi, lakini ngozi iliyokwisha kutanuka hairudi kwa kuchuchumaa.

Sasa kwa nini sikusema? Mtaani kwetu ukitaja upasuaji wa urembo watu wanasikia neno moja: Mchina, yaani makalio ya bandia. Mwaka 2023 ilipotangazwa kwamba Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wanaanza huduma hizo, nilikuwa saluni. Mmoja akasema wanaokwenda huko wanatafuta waume za watu. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, na namba ya daktari ilikuwa tayari kwenye simu yangu.

Siku ya kuonana naye nilikaa kati ya mtoto aliyeungua kwa maji ya moto na kijana wa bodaboda aliyevunjika taya. Daktari ni yuleyule mmoja. Nikajivuta mtandio hadi puani. Aibu ya siku ile bado sijaimaliza, sitakudanganya.

Basi uongo ukaanza kuzaa. Mama mkwe akafunga siku tatu akiniombea. Wifi akahamia kwangu kuniuguza. Kikoba chetu kikanitolea shilingi 150,000 za mfuko wa jamii, fungu la mwanachama aliyelazwa. Nilitaka kukataa, lakini ukikataa utaulizwa sababu.

Siku ya sita jioni kigimbi cha kushoto kikaanza kuuma, mguu ukavimba. Daktari alikuwa amenionya: baada ya upasuaji kama huu damu inaweza kuganda mguuni, bonge likapanda hadi kwenye mapafu. Mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikikata, usingoje kuche. Mimi nikangoja kuche. Niliogopa wifi angenisindikiza, nguo ifunuliwe mbele yake, aone kovu linalotoka nyonga hadi nyonga na kitovu kilichozungushiwa nyuzi. Uvimbe gani wa kizazi unatolewa kitovuni?

Asubuhi muuguzi akauliza nimefanyiwa upasuaji gani. Nikajibu, "Kizazi." Wifi alikuwa ameketi pembeni, kashika kikapu cha uji. Yule muuguzi, Mungu ampe maisha marefu, alinitazama usoni kidogo, kisha akamtuma wifi akakate risiti. Mlango ulipofungwa nikasema yote. Altrasaundi ilikuta bonge kweli. Nimemeza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi mitatu.

Upasuaji huu si mchezo, hata kwa wenye fedha. Stella Obasanjo, mke wa rais wa Nigeria wakati ule, alifariki Marbella, Uhispania, mwaka 2005 baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta. Nairobi mwanamke alifariki Oktoba 2024 baada ya upasuaji wa aina hiyohiyo. Nawataja kwa sababu mtu anayejificha huchagua kliniki kwa kuwa haina watu, na hilo ndilo jambo la kukutia shaka. Hakikisha jina la daktari liko kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Uliza nani atakupa dawa ya usingizi, na hali ikibadilika usiku utapelekwa wapi. Akikereka na maswali, chukua mkoba wako uondoke.

Mtaa huna deni nao. Ukipenda, sema "nafanyiwa upasuaji wa tumbo" na uishie hapo. Ni kweli, na mwenye adabu hataongeza swali. Lakini atakayelala nyumbani kwako akikushika mkono kwenda chooni lazima ajue. Na kila mhudumu wa afya aambiwe ulichofanyiwa, bila kupunguza. Mimi leo ningekiandika kwenye karatasi nikaitia ndani ya kava la simu.

Ugonjwa wa mtu mwingine usiuazime. Mwezi wa tatu tangu nipone, mwenzetu wa kikoba alinifuata nyumbani usiku. Ana uvimbe wa kweli, anatoka damu hadi anaishiwa nguvu. Akasema, "Dada, wewe umepona vizuri, hata tumbo limeingia. Naomba namba ya daktari wako." Nilikaa na simu mkononi, sina cha kumpa.

Nilimwambia yeye wa kwanza. Alinyamaza, akaaga, na kwa wiki mbili hakupokea simu zangu. Wifi alicheka, kisha akakasirika, kisha akataka kuona kovu. Mama mkwe mpaka leo anasema maombi yake hayakupotea, maana lile bonge la mguuni liliyeyuka.

Jumamosi iliyofuata nilirudisha zile 150,000 mbele ya kikao. Kicheko kilikuwepo, na neno Mchina nililisikia kutoka nyuma. Mhazini akabaki na kalamu juu, daftari halina safu ya pesa inayorudishwa na mgonjwa. Akafikiri kidogo, akaziandika kwenye faini.