Mbunge wangu alisema ndio au la? Mie huangalia majina

Swali lenu la wiki lilikuwa hivi: "Je, wajua mbunge wako alipiga kura vipi bungeni mara ya mwisho, na ulijuaje?" Jibu langu ni kwamba siku nyingi sijui, na sio kwamba sifuatilii, nafuatilia sana, pengine kuliko watu wengi hapa mtaani. Sijui kwa sababu siku nyingi Bunge letu la Kenya hupiga kura kwa njia ambayo haiachi jina la mtu nyuma, na hili ndio jambo nataka kuliandika kwa urefu manake naona watu wanagombana kila siku kuhusu klipu za hotuba na hakuna anaeuliza habari ya kura.

Mie nina duka la saiba hapa Amu, yaani mji wa Lamu, upande wa Langoni. Napiga fotokopi, nachapa barua, najazia watu fomu za serikali, na mchana kazi ikipungua huweka Bunge laivu kwenye kompyuta ya pembeni, wateja washazoea, mtu aja kuprinti karatasi moja akaishia kukaa mpaka adhana ya alasiri akibishana na skrini. Kwa hiyo haya nayoandika ni mambo ninayoyaona kila wiki Bunge likiwa halijaenda likizo.

Ratiba yenyewe si siri. Bunge la Taifa hukaa Jumanne saa nane unusu mchana, Jumatano mara mbili, saa tatu unusu asubuhi na tena saa nane unusu, alafu Alhamisi mchana. Kabla ya kikao hutolewa oda pepa, ile orodha ya shughuli za siku, iko kwenye tovuti ya Bunge bure kabisa na huwa sielewi kwa nini watu hawaisomi, manake pale ndio waona leo kuna mswada gani, uko hatua ya ngapi, na marekebisho yameletwa na nani. Spika aingia na siwa, ile rungu rasmi ya Bunge, mbele yake, dua yasomwa, kama wabunge hawajatimia kengele yalia waitwe. Alafu taarifa za Spika, maombi ya wananchi, karatasi kuwekwa mezani, ilani za hoja, maswali na taarifa, ndipo hoja na miswada. Hapo kwenye maombi ya wananchi nasimama kidogo, kwa sababu Katiba kifungu cha 119 yampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi Bungeni, hata wewe uliyeko Kizingitini huna wadhifa wowote, na nishawachapia watu barua za namna hiyo hapa dukani, ni karatasi tu, yataka iandikwe vizuri useme wataka Bunge lifanye nini hasa.

Sasa tuje kwenye kura.

Spika akishafunga mjadala huuliza wanaounga mkono waseme ndio, ukumbi unguruma "ndiooo", auliza wanaopinga, wengine "laaa", alafu yeye mwenyewe asikiliza kwa masikio yake atangaze upande gani umeshinda. Imeisha hiyo. Hakuna aliyehesabiwa, hakuna aliyeandikwa. Ni kama kununua samaki hapa kwetu Mkunguni kwa kukisia uzito bila kuweka kwenye mizani, na muuzaji ndie akisiae. Hansard, ile rekodi rasmi ya maneno ya Bungeni, itaandika kwamba swali liliulizwa na likakubaliwa, basi. Mbunge wako alikuwa ndani? Alisema ndio? Alinyamaza? Alikuwa nje akinywa chai? Hutajua, na yeye akija kwenu kwenye harusi au maziko akwambia lolote atakalo nawe huna la kumuonesha.

Na wengi hawajui idadi inayotakiwa ndani ya ukumbi ni ndogo namna gani. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimtoa Spika, yaani 290 wa majimbo, 47 wawakilishi wa wanawake wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Akidi kwa kifungu cha 121 cha Katiba ni 50. Hamsini! Na mambo ya kawaida hupita kwa wingi wa waliopo na kupiga kura, kwa hiyo wakiwa 50 pale ndani wote wakapiga, watu 26 watosha kupitisha sheria itakayomgusa mvuvi wa Kiunga na mkulima wa Mpeketoni na mama muuza mahamri hapa Amu. Tena hiyo akidi aghalabu haihesabiwi katikati ya kikao mpaka mbunge mmoja asimame alalamike kwamba watu hawatoshi. Nishaona kwenye skrini viti vitupu safu nzima na shughuli yaendelea kama kawaida.

Penye uzito kabisa ni pale Bunge linapogeuka Kamati ya Bunge Zima. Mswada husomwa mara ya kwanza, waenda kwa kamati na wananchi waulizwa maoni, warudi kusomwa mara ya pili ambapo ndio zile hotuba ndefu za kukata klipu, alafu ndio waingia Kamati ya Bunge Zima, kisha kusomwa mara ya tatu. Utaijua hatua hiyo ya kamati kwa siwa, yashushwa kutoka juu ya meza ikawekwa chini, na Spika hakai tena mbele kwenye kile kiti chake, akaa mtu mwingine kama mwenyekiti. Hapo mswada wachambuliwa kifungu kwa kifungu. Kifungu cha 3 ndio au la, cha 4 ndio au la, rekebisho la mheshimiwa fulani ndio au la, haraka haraka, sauti tu, mpaka mtu achoka kusikiliza. Lakini hapo ndio neno moja hutolewa likawekwa lingine, na asilimia yapanda au yashuka, na "lazima" yageuka "anaweza". Wanahabari wengi washaondoka saa hiyo, watu wa mitandaoni washachoka. Ukitaka kumjua mbunge afanyae kazi mwangalie hapo, ameleta rekebisho au hakuleta, na akileta amesimama kulitetea au hayupo likaanguka kwa sababu mwenyewe hakuonekana.

Njia ya pili ni mgawanyiko. Wabunge wa kutosha wakisimama kuudai, kura zapigwa kwa kuhesabiwa, kengele yalia walioko nje waingie, milango yafungwa, kila mmoja abonyeza kitufe kwenye kiti chake au aitwa jina akajibu, na majina yanaandikwa. Mambo mengine Katiba yenyewe yataka idadi maalum kwa hiyo hayawezi kupita kwa kelele. Siku kama hizo ndio nchi nzima hukaa ikasikiliza.

Mfano ambao hakuna asieukumbuka ni Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi. Kusomwa mara ya pili Juni 20 ulipata ndio 204 na la 115. Kusomwa mara ya tatu Juni 25 ukapata ndio 195 na la 106. Kilichofuata nje ya Bunge siku hiyo twakijua sote, vijana waliuawa, Mungu awarehemu, na kesho yake Rais akasema hautii sahihi. Mie nataka mtazame hesabu tu. Jumlisha kura za tarehe 20 ni 319, jumlisha za tarehe 25 ni 301. Upande wa ndio walipungua tisa na upande wa la walipungua tisa. Ndani ya siku tano, kwa jambo zito kuliko yote ya mwaka ule, watu walipotea pande zote mbili! Ingekuwa ni kura ya sauti tusingejua hata hilo, tungesikia "ndio" na "la" tukafunga simu. Kwa sababu ilikuwa ya kuhesabiwa majina yalisambaa usiku uleule, na hapa dukani watu walikuja kuprinti ile orodha wakapita jina kwa jina na kalamu. Wazee ambao hawajawahi kuniuliza habari ya Bunge waliniuliza, "huyu yuko upande gani?" na "huyu mbona simuoni popote?" Hilo swali la pili ndio bora zaidi kwangu.

Manake kutokuwepo ni kura pia. Februari 27, 2019 ulitakiwa upigiwe kura mswada wa kurekebisha Katiba kutekeleza ile kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia, yaani jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti. Ulihitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233. Idadi haikutimia. Ukisikia hivyo wadhani ulipingwa na umati, lakini kilichouangusha hasa ni wale ambao hawakufika ukumbini, na wengi wao wangekwambia kwenye mikutano kwamba wao ni watetezi wa kina mama. Kwenye kura ya namna hiyo alie nyumbani Nairobi kalala na alie ndani akasema la wamefanya jambo lilelile, tofauti ni kwamba mmoja ana ujasiri wa kuandikwa. Kinyume chake ni Oktoba 8, 2024, hoja ya kumuondoa Naibu Rais Gachagua, hiyo nayo ilitaka 233, wakaja wakapiga 281 kwa 44. Kwa hiyo wakitaka kuja waja, isiwe twaambiwa ati ndege zimechelewa.

Katiba kifungu cha 103 yasema mbunge akikosa vikao vinane katika kipindi kimoja bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na asiwe na maelezo ya kuridhisha mbele ya kamati, kiti chake kiko wazi. Nataka hilo lisomwe kila kampeni.

Mteja mmoja wangu, mtu mzima, nahodha, huniambia mwanangu waumiza kichwa bure, sisi Lamu tuna majimbo mawili tu, Mashariki na Magharibi, ongeza mwakilishi wa wanawake tuko watatu kati ya 349, hata tukijua majina yatatusaidia nini. Namheshimu mzee huyu lakini hapa sikubaliani nae. Kwanza watatu si peke yao, hesabu Pwani nzima kuanzia Kwale, Mombasa, Kilifi pamoja na Malindi yao, Tana River, Taita Taveta mpaka hapa kwetu, ni majimbo 26 na wawakilishi wa wanawake sita, wabunge 32 hao, wakisimama kwa pamoja kudai mgawanyiko kwenye jambo la bahari au la ardhi ukumbi mzima utawasikia. Pili, kuna Seneti, ile nyumba nyingine ya Bunge inayowakilisha kaunti. Kwenye miswada inayohusu kaunti, kifungu cha 123 chasema kila ujumbe wa kaunti, yaani wajumbe wake wa Seneti kwa pamoja, una kura moja. Sensa ya 2019 ilitupa Lamu watu 143,920 na Nairobi watu 4,397,073, na bado kura yetu na yao ni sawasawa, moja kwa moja, na mswada wataka kaunti 24 kupita. Mwaka 2020 walipovutana kuhusu fomyula ya kugawa pesa za kaunti, kaunti kadhaa za Pwani na Kaskazini zilikuwa zapunguziwa, maseneta wakakataa kikao baada ya kikao mpaka Septemba ndio wakapata mwafaka. Udogo wetu haukuwa na maana pale. Kilichokuwa na maana ni seneta kuwepo jina likiitwa.

Kuhusu maoni ya wananchi sitasema mengi, nina machungu nayo. Kifungu cha 118 chataka Bunge lishirikishe watu, lakini kikao kikiwekwa mbali na muda ukiwa mfupi, mtu wa Ndau au Kiunga atakuja vipi, boti ni pesa na bahari ya kusi haimngoji mtu. Kilichobaki ni kuandika. Tangazo likitoka huwa na anwani ya Karani wa Bunge na siku ya mwisho, andikeni, hata ukurasa mmoja, hata kwa Kiswahili, Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge sawa na Kiingereza na lugha ya ishara, asikutishe mtu. Taja kifungu cha mswada kwa nambari, sema wataka kiondolewe au kibadilishwe kiwe vipi. Barua ya kulalamika tu haina mahali pa kushikwa, ile yenye nambari ya kifungu kamati yaweza kuijibu kwenye ripoti yake.

Basi nijuavyo mie ni hivi: nasoma oda pepa asubuhi, nangalia Kamati ya Bunge Zima ikiwepo, na kukiwa na mgawanyiko natafuta majina kwenye Hansard, sitegemei klipu. Na nnachowataka waheshimiwa wetu wa Pwani ni kimoja, wadai kura ya majina kwenye kila mswada wa pesa, wa uvuvi na wa ardhi, hata wakijua watashindwa. Mswada wa Fedha huja Bungeni kila mwaka kufikia mwisho wa Aprili na lazima umalizwe kabla Juni kwisha, kwa hiyo tarehe zajulikana mapema. Ukifika huo ujao na kura zikahesabiwa, orodha ntaiprinti niibandike nje ya duka, majina ya Pwani yote nimeyapigia mstari, na wasiokuwepo nitawaandika kando kwa wino mwekundu. Atakae nakala aje achukue, karatasi ni yangu.