Muulize Fundi: Pistoni za Datsun 1600

SWALI: Fundi, salaam. Nina Datsun 1600 ya mwaka 1971 niliyoachiwa na mjomba, injini ni ileile L16 ya kabureta moja. Inakula oili, na nikipanda mlima inafuka moshi wa samawati. Nataka niifufue iwe na nguvu za mashindano ya wikendi, na bado inifikishe Mombasa na familia. Muuza spea ananishawishi nichukue pistoni za kufua (chuma kilichofinyangwa kwa kugandamizwa, si kumiminwa) zenye nundu kichwani, kompresheni 11 kwa 1, yaani mchanganyiko unabanwa mara 11. Bloku inapelekwa kuchongwa wiki hii. Unasemaje?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, hiyo bloku isitoke gereji. Haichongwi kabla pistoni hazijafika mezani. Kipenyo cha milimita 84 kinachoandikwa kwenye boksi ni jina tu. Pistoni yenyewe hupimwa kwa mikromita kwenye sketi (ubavu wake wa chini), pale alipoelekeza mtengenezaji, ndipo silinda ichongwe kuifuata. Ya kumimina hutosheka na nafasi ya milimita 0.04 au pungufu kati yake na silinda. Ya kufua ya aloi ya alumini ya 2618 hutanuka zaidi ikipata moto na inaweza kudai maradufu ya hapo. Ukiinyima, itakwama silindani.

Moshi wa kupanda mlima kwa kawaida ni ringi na silinda. (Ungekuwa unatoka ukiachia mafuta kwenye mteremko, ningekutuma kwenye sili za valvu kwanza.) Kichwa cha injini kikifunguliwa, pitisha ukucha juu ya silinda, chini kidogo ya ukingo. Ukikwama kwenye ngazi, ringi zimekula ukuta.

L16 ina silinda ya milimita 83 na mwendo wa pistoni wa 73.7, yaani cc 1,595. Ukienda 84 unapata 1,634. Hizo cc 39 hata hutazisikia. Unachonga ili silinda irudi kuwa duara, basi.

Sasa hiyo nundu. Siitaki kwenye gari lako. Moto wa plagi unalazimika kuizunguka, na kingo zake zikishika joto petroli inaanza kulipuka ovyo. Halafu unakaa Nakuru, mita kama 1,850 juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani. Kompresheni 11 inaweza kukuvumilia hapo nyumbani. Ukishuka Mariakani, karibu na Mombasa, na watoto nyuma, jua kali, gari limejaa, itaanza kugonga, na pistoni haigongwi hivyo muda mrefu kabla haijatoboka.

Datsun 1600 SSS, jina lililoshinda mbio za magari za Safari Rally ya 1970 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, katika toleo lake la barabarani ilikuwa na 9.5 kwa 1 na kabureta mbili. Lenga hapo. Kwa silinda ya 84 unahitaji cc 48 juu ya kila pistoni ikiwa imefika juu kabisa, chemba (nafasi ya mwako kichwani mwa injini) na gasketi zikiwemo. Pima chemba kwa sirinji na mafuta ya taa, kisha fundi wa mashine asawazishe kichwa kwa kiasi hicho tu. Akikata sana, cheni italegea na kamshafti (shafti inayofungua valvu) itachelewa. Minara ya kamshafti itabidi iwekewe shimu, vipande vyembamba vya kuinulia.

Chagua pistoni bapa. Kwa matumizi yako mawili ningenunua za kufua za aloi ya 4032: zina silikoni nyingi, hazitanuki sana, asubuhi hazipigi kelele. 2618 waachie wenye turbo. Bajeti ikibana, za kumimina zenye ubora zinatosha mradi usivuke mizunguko 6,500 kwa dakika.

Uliza pia habari za pini inayoshika pistoni kwenye konrodi, fimbo inayoiunganisha na kranki. Ya kiwandani hubanwa ndani ya konrodi. Za kufua nyingi huja na pini inayoelea, na hapo tundu la konrodi lazima lifanyiwe kazi. Zikifika, peleka kila pistoni na pini yake kwenye mizani ya sonara. Zikipishana zaidi ya gramu mbili tatu, zirudishe dukani kabla hujazipaka oili.