Maswali ya Wasomaji: Diski ya 1989 ambayo kompyuta kuu zimegoma kuiacha

Tulipogusia kompyuta kuu za mabenki katika safu hii, tulidhani barua zitakuwa chache. Zimekuja nyingi, na nyingi zimetoka Mbeya, Iringa na Njombe. Tumechagua tano zinazohusu jambo moja: jinsi mifumo endeshi ya mashine hizo inavyozitambua na kuzitumia diski.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mhadhiri wetu anasema benki kubwa bado zinatumia diski za 3390. Nimesoma mahali kwamba IBM ilizitoa mwaka 1989. Nani kakosea? – Mwanafunzi, Iyunga, Mbeya

Marahaba. Hakuna aliyekosea. Kabati la 3390 lenye sahani zake zinazozunguka liliondoka sokoni zamani. Vilivyobaki ni vipimo vyake: traki 15 kwa kila silinda, na baiti 56,664 kwa traki moja (traki ni duara moja la data kwenye sahani; silinda ni kundi la traki zilizo umbali mmoja kutoka katikati). Ukifungua kabati la hifadhi la leo utakuta diski ndogo za kawaida au chipu za flashi, lakini z/OS, mfumo endeshi wa kompyuta kuu za IBM, ukiliuliza, "wewe ni nani?", linajibu kwamba ni 3390.

Chanzo chake ni uamuzi wa mwaka 1964, IBM ilipotangaza System/360. Diski zake zilifuata mtindo unaoitwa CKD, ambapo kila rekodi kwenye traki ina sehemu tatu: hesabu inayotaja anwani na urefu wake, ufunguo (si lazima uwepo), halafu data yenyewe. Urefu wa rekodi anaupanga mwenye programu. Kumbukumbu ya mashine wakati huo ilikuwa ndogo na ghali, kwa hiyo kazi ya kutafuta rekodi ilisukumwa kwenye chaneli (njia maalumu ya kupitishia data) na diski. Mfumo endeshi ulituma maagizo mafupi: peleka kichwa cha kusomea silinda fulani, tafuta rekodi yenye namba hii, usipoiona rudia, ukiiona soma.

Ilikuwa njia ya busara kwa wakati ule, ila ilikuja na deni. Ili kutunga maagizo hayo, mfumo lazima ujue umbo la diski: silinda ngapi, traki ngapi, baiti ngapi. Na kila diski mpya ilikuja na umbo lake. Ile 2311 ilikuwa na traki 10 kwa silinda, na pakiti moja ilibeba megabaiti 7.25. 2314 ilikuwa na traki 20 na megabaiti 29. 3330, iliyotangazwa 1970, ilikuwa na traki 19 na megabaiti 100. 3350 ya 1975 ilikuwa na traki 30 zenye baiti 19,069 kila moja, jumla silinda 555, yaani megabaiti 317.5. 3380 ya 1980 ilishuka hadi traki 15, lakini kila traki ikabeba baiti 47,476.

Kila badiliko la namna hiyo liligusa majedwali ya mfumo, programu za kunakili, VSAM (njia ya kupanga na kusoma mafaili), eneo la kurasa za kumbukumbu, hadi spuli ya kuchapisha. Baya zaidi, liligusa JCL (lugha ya kuagizia kazi kwenye mashine hizi) na programu za wateja wenyewe, ambazo nyingi zilikuwa zimeandikwa namba za traki moja kwa moja ndani yake. Hamisha faili lenye bloku (mafungu ya rekodi yanayoandikwa pamoja) za baiti 19,069, zilizojaza traki ya 3350 kikamilifu, ulipeleke 3390: zinaingia bloku mbili tu kwa traki, na karibu theluthi ya traki inabaki tupu. 3390 yenyewe ilipotoka ilibidi ipewe uwezo wa kujifanya 3380, ili wateja wahame taratibu.

Baada ya hapo umbo halikubadilishwa tena. Kilichoongezeka ni idadi ya silinda. Modeli ya 3 ina silinda 3,339, kama gigabaiti 2.84. Modeli ya 9 ina 10,017. Ikafuata ya silinda 32,760, kisha ya 65,520, na hapo ukuta ukafika, kwa sababu namba ya silinda ilitengewa biti 16, ambazo haziwezi kuhesabu zaidi ya 65,536.

Ukuta huo ulivukwa kwa njia inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Anwani ya traki ina biti 16 za silinda na biti 16 za kichwa. Lakini vichwa ni 15 tu, kimoja kwa kila traki ya silinda, na hivyo vinatosha kwenye biti 4. Zile biti 12 zilizokuwa zimekaa bure upande wa kichwa zikapewa silinda, ikawa na biti 28. z/OS 1.10 ya mwaka 2008 ikaanza kupokea volyumu (diski moja kama mfumo unavyoiona) za silinda 262,668, na baadaye kikomo kikafika 1,182,006, karibu terabaiti moja. Ikiwa utaajiriwa kutunza programu ya zamani ya Asembli inayokokotoa anwani za traki kwa mkono, anza ukaguzi hapo. Kwenye volyumu hizo kubwa itazichukua zile biti za silinda na kuzihesabu kuwa ni kichwa, na itakwenda mahali pasipo pake. Matumizi ya makro ya TRKADDR yanaondoa tatizo hilo.

SWALI: Nimeweka MVS 3.8j kwenye kompyuta mpakato kwa kutumia Hercules ili nifundishie. Nilitengeneza diski ya 3390 nikaiunganisha, lakini MVS haiioni kabisa. Nimekosea wapi? – Mwalimu, Gangilonga, Iringa

Mwalimu, kwanza tuwaambie wasomaji wengine kwamba MVS ni mfumo wa zamani uliotangulia z/OS, na Hercules ni programu inayoigiza kompyuta kuu. Kuna mambo mawili hapa.

La kwanza ni umri. MVS 3.8 ilitoka kabla ya 3380, sembuse 3390. Vifurushi vya kujifunzia vinavyopatikana leo vimeongezewa viraka ili vizitambue diski hizo mpya, lakini usitegemee kwamba kila sehemu ya mfumo itafanya kazi nazo sawasawa. Kwa kufundishia tunakushauri utumie 3350, ambayo mfumo huo uliijua tangu mwanzo. Megabaiti 317 ni nyingi mno kwa darasa.

La pili, na ndilo linalowakwamisha wengi, ni anwani. Katika MVS ya zamani, kila anwani ilifungwa na aina ya diski tangu mfumo ulipojengwa. Kama 241 ilijengwa kuwa ya 3350, ukiweka 3390 hapo mfumo hautaipokea. Kwa hiyo tafuta kwanza orodha ya anwani za kifurushi chako. Tuseme 241 ni ya 3350 na haina kitu. Kwenye Linux au Windows, nje ya MVS, andika:

`dasdinit -a -z dasd/mbeya1.3350 3350 MBEYA1`

Hiyo `-a` inaweka pia silinda za akiba kama kwenye diski halisi, na `-z` inabana faili lisile nafasi. Jina la volyumu lisizidi herufi 6. Kisha kwenye konsoli ya Hercules:

`attach 0241 3350 dasd/mbeya1.3350`

Usiiweke hewani bado. ICKDSF, programu ya kuandaa diski, inataka diski iwe nje ya mtandao wa mfumo wakati inaiandaa. Tuma kazi hii:

```
//ANDAA    JOB (1),'ANDAA DISKI',CLASS=A,MSGCLASS=A
//HATUA1   EXEC PGM=ICKDSF,REGION=4096K
//SYSPRINT DD  SYSOUT=A
//SYSIN    DD  *
  INIT UNITADDRESS(241) NOVERIFY VOLID(MBEYA1) -
       OWNER(MAABARA) VTOC(0,1,29)
/*
//
```

Konsoli itauliza kwa ujumbe ICK003D kama uko tayari kubadili yaliyomo. Soma namba ya kifaa kwenye ujumbe huo kabla ya kujibu, maana ukiwa umekosea anwani, hapa ndipo pa mwisho pa kujiokoa. Ikiwa ni 241, jibu `R 00,U` (badala ya 00 weka namba ya ujumbe wenyewe). Ukijibu T, kazi inakoma bila kugusa kitu.

VTOC ndiyo orodha ya mafaili yote ya volyumu. Tumeianzisha silinda 0, traki 1, kwa urefu wa traki 29, kwa kuwa silinda ya 3350 ina traki 30 na traki 0 imeshikwa na lebo. Hivyo silinda nzima ya kwanza imekwisha vizuri, na silinda 1 inaanza safi kwa ajili ya data. Ukitaja 30, VTOC inadokoa traki moja ya silinda inayofuata, na huwezi tena kuitenga silinda hiyo ikiwa nzima.

Kazi ikimalizika kwa kodi 0000:

`V 241,ONLINE`
`M 241,VOL=(SL,MBEYA1),USE=PRIVATE`
`D U,DASD,ONLINE`

Jina MBEYA1 lionekane kwenye orodha. Ili diski irudi yenyewe kila unapowasha, ongeza mstari wa `0241 3350 dasd/mbeya1.3350` kwenye faili la usanidi la Hercules, na kwenye VATLST00 ndani ya SYS1.PARMLIB ongeza:

`MBEYA1,0,2,3350    ,N`

Hizo nafasi nne baada ya 3350 si urembo. Aina ya diski imetengewa herufi 8, na mfumo unasoma kwa kuhesabu nafasi.

SWALI: Nina faili la rekodi milioni moja, kila rekodi baiti 80. Kwa hesabu yangu ni megabaiti 80, lakini limemeza zaidi ya silinda 850 za 3390. Silinda hizo ni megabaiti 700 na zaidi! – Mwanaprogramu, Iringa mjini

Angalia BLKSIZE, ukubwa wa bloku. Bila shaka imeandikwa 80, yaani kila rekodi ni bloku peke yake. Kila bloku kwenye traki inahitaji sehemu yake ya hesabu na nafasi tupu kabla ya bloku inayofuata. Ni sawa na kusafirisha viazi vya Uporoto kila kiazi ndani ya gunia lake. Kwenye 3390, bloku za baiti 80 zinaingia 78 tu kwa traki, ambazo ni baiti 6,240 kati ya 56,664. Rekodi milioni moja zinadai traki 12,821, na hizo ndizo silinda 855 ulizoziona.

Weka BLKSIZE=27920. Bloku moja inabeba rekodi 349, bloku mbili zinaingia kwenye traki, jumla rekodi 698. Faili lako litatosha kwenye traki 1,433, yaani silinda 96. Muda wa kulisoma pia utapungua sana, kwa sababu maombi ya kusoma yanashuka kutoka milioni moja hadi chini ya elfu tatu.

Kiwango cha nusu traki ya 3390 ni baiti 27,998. Chukua kizidisho kikubwa zaidi cha urefu wa rekodi yako ambacho hakivuki hapo. Usivutwe na bloku ya 32,760 kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote: inaingia moja tu kwa traki, na zaidi ya baiti 23,000 zinapotea. Kwa 3380 nusu traki ni 23,476, kwa 3350 ni 9,442, kwa 3330 ni 6,447.

Kwenye z/OS ni bora zaidi uache BLKSIZE=0, mfumo ukupangie wenyewe. Huduma hiyo haimo kwenye MVS 3.8j, huko lazima utaje. Kwenye z/OS vilevile omba nafasi kwa idadi ya rekodi badala ya silinda: `SPACE=(80,(1000,100)),AVGREC=K` ina maana rekodi 1,024,000 (K ni 1,024) na nyongeza ya 102,400 kila inapohitajika. JCL hiyo haijali iko kwenye diski ya umbo gani. Kazi ikikatika kwa kodi ya SD37, hukuomba nyongeza kabisa. Ikikatika kwa SB37, volyumu imejaa au faili limeshatumia vipande vyake 16 vinavyoruhusiwa kwa volyumu moja.

SWALI: Kwa nini wasitumie tu bloku za baiti 512 kama kompyuta zetu za mezani? – Msomaji, Tukuyu

Walijaribu. Diski ya 3370 ya mwaka 1979 ilikuwa na bloku za baiti 512 zilizopewa namba mfululizo, bila silinda wala traki kwa mtumiaji. Mifumo endeshi ya DOS/VSE na VM iliipokea. MVS haikuipokea, kwa sababu VTOC, mafaili ya PDS (maktaba zenye mafaili madogo ndani yake) na programu nyingi za wateja zilisimama juu ya anwani za traki na utafutaji kwa ufunguo. Kwa maoni yetu nafasi nzuri ilipotea pale. Linux inayoendeshwa kwenye mashine hizi inatumia 3390 kwa kuigawa kwa bloku za baiti 4,096. Zinaingia 12 kwa traki, na modeli ya 3 inashuka kutoka gigabaiti 2.84 hadi 2.46.

SWALI: Huku kwetu umeme ukikatika Hercules inazimika ghafla. Diski zangu ziko salama? – Msomaji, Njombe

Zile zilizobanwa ndizo ziko hatarini zaidi, kwa sababu faili lina jedwali linaloonyesha kila traki iko wapi, na umeme unaweza kukatika jedwali likiwa halijaandikwa. Umeme ukirudi usiwashe MVS kwanza. Endesha `cckdcdsk -3 dasd/mbeya1.3350` Hercules ikiwa imefungwa, ikague na kutengeneza kinachotengenezeka.

Kinga iliyo bora ni faili la kivuli. Kwenye usanidi, mwisho wa mstari wa diski, ongeza `sf=kivuli/mbeya1_1.3350`. Kisha kwenye konsoli ya Hercules toa `sf+ 0241` ili kivuli kitengenezwe; kuanzia hapo mabadiliko yote yataandikwa kwenye kivuli na faili la msingi halitaguswa. Kivuli kikiharibika unakifuta na kuanza tena na msingi mzima, ukiwa umepoteza kazi iliyofanyika tangu kivuli kilipoanza tu. Unapozima kwa hiari, simamisha kazi zote, toa `$PJES2`, kisha `Z EOD`, ndipo uandike `quit` kwenye Hercules.